Koti Chini ya Nyanya

Jumatatu, 3 Februari

Jua la leo! Wiki ya nne bila tone. Saa sita nilipita shambani nikakuta nyanya zote zimelala — mistari sita, yote hoi, majani yamejikunja. Yote isipokuwa miche saba pale kwenye uzio. Hiyo saba imesimama kifua mbele, kijani kibichi, inanitazama. Nikainama nikidhani macho yananidanganya.

Kisha nikakumbuka kuna nini chini yake. Nikacheka peke yangu hadi nikaketi chini. Baadaye kicheko kikakauka.

Naandika hapa kwa sababu hakuna mtu wa kumwambia. Chini ya miche ile saba kuna koti la Mheshimiwa.

Mheshimiwa ni mume wangu. Jina hilo nilimpa mwaka ule alipokuwa katibu wa kamati ya maji. Miezi minne tu, lakini akaanza kukohoa kabla ya kuongea, na hadi leo anakohoa. Koti lenyewe ni la sufu, zito, rangi ya matope, linafika magotini. Alilinunua mtumbani kabla sijazaa mtoto wa pili. Msibani analo. Harusini analo. Jua la mchana, analo! Likilowa linanuka beberu. Nimemwomba mara ngapi alitupe? Anasema koti lina hadhi. Basi mwezi wa kumi na mbili, siku napandikiza nyanya na yeye kasafiri, nilichimba mtaro, nikalilaza mle, nikafukia, nikapanda juu yake. Mazishi ya heshima kabisa. Nilidhani atalitafuta wiki mbili, atanuna, yataisha.

Hayakuisha. Mheshimiwa aliamua limeibwa, na mwizi ni mdogo wake, eti kwa kuwa aliwahi kuliazima akakaa nalo mwezi mzima. Akamwita mwizi mchana kweupe, kwenye foleni ya kisimani, mbele ya watu wote. Shemeji yangu, mpole yule! Aliinua ndoo zake akaondoka hata kabla ya zamu yake kufika. Hawasalimiani tangu siku hiyo.

Na mimi nilikuwepo kwenye foleni. Nilinyamaza.

Alhamisi, 6 Februari

Nimetia kidole kwenye udongo wa uzioni. Unyevu! Na siku nane hapajapata kitu ila maji ya kuoshea vyombo. Nikaenda mstari wa pili, nikatia kidole — vumbi, na kucha imevunjika. Kwa hiyo koti linakunywa maji na kuyatunza. Miaka yote mabegani mwa mtu halikuwahi kuwa na faida kiasi hicho.

Sasa wazo limeniingia na halitoki. Kama koti linaweza, je, shuka? Taulo? Suruali?

Nimekwenda kwa fundi cherehani kuomba vile vipande anavyofagia jioni. Akauliza vya nini. Nikasema vya kujazia mto. Akanijazia gunia, akasita, akauliza ni mto wa nani huo, wa tembo? Nikasema Mheshimiwa ana kichwa kikubwa. Akakubali bila kubisha.

Jumapili, 9 Februari

Mgongo wangu! Mitaro minne, peke yangu. Juu ya yote nimepanda bilinganya, miche sawasawa. Chini ya mtaro wa kwanza kuna taulo kuukuu na vipande vya pamba vya fundi. Wa pili, gauni langu la nailoni lenye maua — nimelitoa mwenyewe nisije nikaambiwa nawaonea wanaume. Wa tatu, suruali mbili za jinzi za Mheshimiwa, zile zinazombana tangu kitambi kilipochomoza. Wa nne hauna kitu, huo ni wa kulinganishia. Kila mmoja nimeupa ndoo mbili za maji ya kufulia. Basi, hadi wiki ijayo.

Mheshimiwa alipita akauliza nachimba nini.

Nikasema nazika panya.

Panya wanahitaji mitaro minne? Nikasema ni ukoo. Akakohoa, akaenda zake.

Jumatano, 19 Februari

Matokeo!

Mtaro mtupu: umekufa wote. Nailoni: uko njiani kufa, maji yanapita tu bila kusalimia. Gauni lile hata nilipolivaa halikuwahi kunywa jasho langu. Pamba: nzuri. Jinzi — mama yangu wee! Bilinganya za jinzi zimesimama saa saba mchana kana kwamba jua linawaka kwa jirani. Nimezizunguka mara tatu nikizisifu kwa sauti.

Ila Mheshimiwa anatafuta suruali zake. Ameuliza kama kuna mtu aliyepita hapa. Kabla hajataja jina la mtu nikawahi kusema nimezifanya matambara. Na ni kweli, sikudanganya. Akafoka, akanuna hadi wakati wa chakula, akala. Imekwisha.

Hasira ya suruali nimeipokea mwenyewe na wala sikufa. Najiuliza ile ya koti kwa nini sikuipokea.

Jumapili, 23 Februari

Jirani amekuja kuazima ungo. Mimi humwita Redio kwa sababu hazimwi. Alikuwa na salamu zake nusu mdomoni akaona bilinganya, salamu zikaishia hapohapo. Nikamweleza habari ya matambara. Koti nimeliruka. Nikamwapisha asimwambie mtu yeyote, akaapa mara mbili, mkono juu.

Nilijua vizuri sana ninachofanya.

Jumatano, 26 Februari

Siku tatu tu! Huku bondeni kila mtu anachimba. Kamba za kuanikia nguo sasa zina walinzi. Mwalimu mstaafu amezihesabu suruali zake mbele ya mkewe, kwa sauti, kama anaita majina darasani. Fundi baiskeli amefua shati akaketi chini ya kamba kifua wazi, akalingoja likauke, akalivaa palepale. Jamani, nimecheka!

Lakini watu wana akili. Mfuga kuku ametumia magunia ya katani badala ya nguo, na udongo wake unashika maji hata kuliko wa jinzi. Redio naye, mvivu wa kuchimba, alifukia blanketi nusunusu, ncha ikabaki nje inapepea. Kumbe hiyo ncha ndiyo dawa! Ukimwaga maji pale kwenye ncha, yanashuka yenyewe hadi mizizini, halipotei hata tone juani. Tumeiita mkia. Leo nimepeleka mikia mistari yote. Imeniuma kidogo kwamba uvivu wake umeishinda akili yangu. Nimempongeza hivyohivyo.

Jumamosi, 1 Machi

Jana mvua. Nusu saa, kwa hasira, ikachukua udongo wa watu ikaondoka nao. Enzi za mama mkwe mtu alipanda kwa kuhesabu siku, na siku zilimtii. Sasa ukihesabu unajidanganya mwenyewe. Lakini leo shamba langu limelowa hadi chini, matambara yameshiba! Nilikwenda kisimani nikiimba.

Nimerudi siimbi. Nimekutana na mke wa shemeji. Maharage yao yamekauka yote, msimu wa pili mfululizo. Shemeji amepata kibarua cha kuponda kokoto, mbali, safari ya siku mbili. Anaondoka Jumatatu, tarehe kumi na saba. Atarudi lini? Hajui. Watoto wameanza kuuliza nani atawapeleka shule.

Nikamwambia njoo kwangu, nikuoneshe matambara, bado hujachelewa kupanda. Akasema mumewe ameshaapa hatakanyaga shamba la mtu aliyemwita mwizi mbele za watu, wala hataki wanawe wakanyage. Hakusema kwa ubaya. Kisha akaniuliza, kwa upole wake ule, kama lile koti lilipatikana.

Nikasema bado.

Nimefika nyumbani na nusu ndoo, nyingine imemwagika njiani. Najichukia leo. Nilifanya mzaha, na mtu anahama kwao kwa sababu ya mzaha wangu.

Jumanne, 4 Machi

Mpango: nilifukue koti, nilifue, nilitundike nyuma ya mlango wa stoo, kisha nipige ukelele — jamani, limeonekana! Mheshimiwa ataona haya, atakwenda kwa mdogo wake, yataisha.

Alipokwenda kikaoni nikashika jembe. Looo! Mizizi imeingia kwenye mikono ya koti ikatokea mifukoni. Mgongo umeoza. Kola ipo, vifungo vipo vyote, harufu ipo. Nikavuta mkono mmoja, na mche wa nyanya nao ukaja, na nyanya zake tisa. Nikaurudisha haraka nikiuomba radhi. Mara nasikia kikohozi njiani! Nikafukia kwa miguu, nikasimama juu yake, nikamsalimia nimekakamaa kama askari wa lindo.

Akauliza nafanya nini hapo. Nikasema nafikiri. Akasema basi niende nikafikirie jikoni, chai bado.

Ijumaa, 7 Machi

Bibi shamba amekuja. Ni binti mdogo, buti zake kubwa kuliko miguu, kazi yake kuzunguka na pikipiki akiwafundisha wakulima. Leo akasema amekuja kufundishwa. Amechomeka kifaa chake cha kupimia unyevu kwa majirani wachache wasiofukia matambara, mshale haukutikisika. Akachomeka kwetu, mshale ukaruka! Akachomeka tena, hakuamini. Kisha akatoa daftari akauliza ni nani aliyebuni jambo hili.

Nikafungua mdomo.

Mheshimiwa akakohoa.

Ni yeye! Eti kitambo aliniambia kwamba udongo nao unahitaji nguo. Eti aliona mbali, mimi nilikuwa mikono tu. Mtu aliyeniuliza habari ya panya! Nilimtazama hadi macho yakaniuma. Alikuwa ananitazama pia, usoni pameiva, anaomba nisiseme. Nikanyamaza. Naona kunyamaza nimeshakuzoea.

Bibi shamba akaandika yote. Anaandaa siku ya wakulima, Jumamosi ya tarehe kumi na tano, hapahapa kwetu. Mgunduzi mwenyewe atachimbua mstari mmoja ili watu waone kilicho chini. Akauliza mstari wa zamani zaidi ni upi. Mheshimiwa akanyoosha kidole kwenye uzio, hata hakufikiri. Aliona nyanya kubwa, basi. Anajua chini kuna matambara. Hajui ni matambara gani.

Nimekimbilia jikoni nikauma upindo wa nguo yangu nisisikike nikicheka.

Jumatatu, 10 Machi

Anafanya mazoezi ya hotuba. Msikilizaji wake ni jogoo. "Ndugu wakulima wenzangu, siku moja nilikuwa nimekaa, nikatafakari..." Hapo husimama ili watu wapige makofi. Jogoo hapigi.

Bibi shamba anaalika nyumba kwa nyumba, na kwa shemeji amefika. Redio alikuwepo, kwa hiyo nimeyapata yote. Shemeji alikataa. Binti akamwambia yeye hajui ugomvi wa mtu, anajua orodha yake tu, na shamba lililokauka kuliko yote ndilo linalotakiwa kuja. Akakubali, ila atasimama nje ya uzio.

Sasa nimwambie Mheshimiwa au nisimwambie? Nikimwambia atachagua mstari mwingine. Koti litabaki kaburini mwake, na Jumatatu ndugu yake ataondoka akiwa mwizi. Aliitwa mwizi mbele za watu, na asafishwe mbele za watu! Nisipomwambia, mume wangu ataumbuka mbele ya bonde zima, na mimi pamoja naye. Kuna wakati nacheka nikiiona sura yake itakavyokuwa. Kuna wakati naiona hiyohiyo na naumia. Ni mume wangu. Nampenda, pamoja na kikohozi chake.

Ijumaa, 14 Machi

Nimemwambia. Nusu.

Asubuhi alikuwa ananyoa ndevu. Nikasema, mume wangu, kesho chimba mstari wa jinzi. Akasema nisimfundishe ugunduzi wake. Nikasema pale uzioni kuna kitu hutakipenda. Akageuka, povu kidevuni, akasema mgunduzi haogopi minyoo.

Basi, nimejaribu.

Sikujaribu sana. Lazima niandike ukweli angalau humu.

Jumamosi, 15 Machi

Saa nne. Naandika nimesimama, daftari liko juu ya pipa la maji, dirisha la jikoni wazi. Natakiwa kuwa napika chai. Watu arobaini na zaidi! Mwalimu mstaafu amekuja na kiti chake. Fundi cherehani ameona matambara yanachungulia kwenye mitaro, ameyatambua, amenigeukia akasema, kumbe ndio mto? Mfuga kuku amejipanga mbele na gunia lake, anataka naye aulizwe. Bibi shamba amevaa buti zilezile, anamwelekeza kila mtu asimame wapi.

Shemeji amefika. Yuko nje ya uzio kama alivyosema, kofia mkononi, mkewe pembeni. Hakufikiri, maskini — mstari wenyewe ni wa uzioni. Hakuna mtu aliye karibu nao kuliko yeye.

Hotuba imeanza. Ametafakari. Wamepiga makofi kweli! Amekohoa mara mbili kwa raha.

Chai inachemka, ichemke tu.

Ameshika jembe. Amekataa kusaidiwa. Jembe la kwanza. La pili. Ameinama, ameshika kitu, anavuta, anawaeleza watu waangalie mizizi inavyolishikilia tambara. Mkono wa koti umetoka! Ameuinua juu bila kuutazama, anawatazama watu. Makofi tena. Bibi shamba anapiga picha. Anavuta zaidi, mche umeng'oka, koti limetoka lote na kola yake na vifungo vyake. Harufu imefika hadi huku.

Sasa amelitazama.

Hakuna anayepiga makofi. Redio ndiye aliyesema, nimemsikia wazi: "Hee! Si ndilo lile koti?"

Kuku wanasikika.

Bibi shamba hajui lolote, ana kalamu mkononi na uso wa furaha. Amemuuliza: "Mzee, hili ndilo la kwanza kabisa? Ulilizika lini?"

Ee Mungu wangu. Hilo sikuliona likija! Akisema alilizika yeye, basi alimwita ndugu yake mwizi akijua koti liko wapi. Akisema hakulizika yeye, ugunduzi si wake, na hotuba yote ni uongo. Amesimama na koti mikononi, udongo unamdondokea viatuni, mdomo wazi. Hata kukohoa hakohoi. Nilisema nitacheka. Sicheki.

Shemeji ameingiza mguu mmoja ndani ya uzio. Mmoja tu. Nilidhani anamtazama kaka yake. Hapana, anatazama dirisha hili. Ameshajua. Nadhani hata kisimani alijua.

Mheshimiwa amefuata macho ya mdogo wake. Wote wawili wananitazama, na wamefanana sasa kuliko nilivyowahi kuwaona.

Ameniita. Hakuniita mama watoto. Ameniita kwa jina langu mwenyewe, ambalo halijatoka mdomoni mwake tangu kifungua mimba azaliwe. Hajaliita kwa hasira. Analiita kama mtu anayezama.

"Abee," nimeitika. Watu wote wamegeuka. Nazima moto, natoka nikawaambie mimi ndiye niliyelizika.